Trekta Iliyosahau Kulima

Okoth alinipigia simu nikiwa chini ya lori la mchanga, hapa gereji kwangu Migori, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na grisi niliibonyeza simu kwa kiwiko. Hakunisalimu. Alisema tu, "Fundi, Mama ametuacha," na mafuta ya lori yakaendelea kudondoka karibu na sikio langu. Nina watu wengi ninaowaita mama, lakini Okoth akisema Mama, ni mmoja. Nilitoka chini ya lori, nikakaa juu ya tairi kuukuu, nikalia bila kujificha, na mwenye lori akaenda zake kunywa chai ili asinione.

Nimepita miaka hamsini na mitano sasa. Injini nilizofungua sina idadi yake, na mtu akiniuliza ufundi nilijifunza wapi, simtajii chuo. Namtajia mwaka mmoja nilioishi Awendo katika boma la mama huyo, mwaka ambao mimi na Okoth tuliiharibu trekta yake kwa makusudi huku tukisema tunaitengeneza. Ninachoruka kila ninaposimulia ni kwamba mwaka huohuo nilimdanganya mama wa watu usoni pake, ugali wake ukiwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimejiambia kwamba siku moja, nikipata nafasi nzuri, nitamwambia. Miaka thelathini na zaidi nilikuwa nikipita pale na kilo mbili za sukari, nakunywa chai, naaga, naondoka.

Nilifika Awendo nikiwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kwetu Kegonga na cheti cha ufundi wa dizeli, na yadi moja ya matrekta ya miwa ikanichukua kwa majaribio. Majaribio yenyewe yalikuwa kuosha vipuri na kupaka grisi, kwa sababu wanaume wa pale hawakuwa wamewahi kuona msichana akishika spana, na hawakuwa na haraka ya kuona. Chumba nilipanga nje kidogo ya mji, kwa mjane ambaye watu wote walimwita Mikayi, maana yake mke wa kwanza wa boma. Mimi nilimwita Mama. Chumba kilishikana na jiko lake, ukuta wa udongo katikati, na ukuta huo haukufika juu kabisa. Kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu, na maneno yake pia. Kidholuo sikukijua hata cha salamu. Nilijifunza nikiwa nimelala chali kitandani, neno moja moja, kutoka kwa wanawake waliokuja kuota moto na kusema watu. Jioni Mama aligonga ukuta kwa mwiko mara mbili na mimi nikajua ugali umeiva: ugali mweusi wa mtama na muhogo, omena waliokaangwa kwa nyanya, mboga chungu za osuga zilizolazwa katika maziwa. Tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. "Nyinyi watu ya Kuria mnajua nyama tu," alikuwa akinitania. "Samaki mnaogopa macho yake." Nilimwambia kwetu chakula hakikuangalii. Alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

Okoth alikuwa mwanawe mkubwa, mtu wa miaka arobaini hivi, mrefu, mwenye maneno. Ndiye aliyeendesha trekta ya marehemu babake. Trekta hiyo ilikuwa kuukuu tayari siku mzee alipoinunua, na rangi yake ya kwanza watu walibishania. Moshi na mafuta vilikuwa vimeipaka rangi moja, ndiyo maana wakaiita Rateng', yaani Mweusi. Ilikaa kwenye banda la mabati nyuma ya boma, na kila msimu ndiyo iliyolima mashamba ya nyumba zote saba: ya Mama mwenyewe, ya mke mwenzake, na za wana watano. Lakini haikulima ovyo. Katika boma la Kijaluo Mikayi ndiye anayefungua msimu. Shamba lake hulimwa kwanza, mbegu zake hushuka kwanza, kisha wengine hufuata kwa ukubwa wao. Akipanda mwingine kabla yake ni chira, na chira si kitu cha kufanyia mzaha: mtu anakonda akiwa anakula, watoto wanaugua na hospitali haioni kitu. Mimi sikushangaa, kwetu pia kuna mambo ya namna hiyo. Nilichokosa kufikiria ni kwamba nyumba saba zilikuwa zimefungwa kwenye injini moja, na injini hiyo nilipewa mimi.

Mashindano yalizaliwa na matope. Mvua ikinyesha Awendo, trela za miwa huzama mpaka ekseli, na madereva huvutana kutoka kwenye tope wakitukanana na kujisifu. Majisifu hayo yakasafiri, na mwaka ule wenye matrekta wa upande wa Homa Bay wakaamua kuyamaliza uwanjani. Chombo cha kuvuta kilikuwa bati nene la chuma lenye magunia ya mchanga. Kando ya njia wanaume walisimama, mmoja kila baada ya hatua tano, na bati likimfikia mtu, anapanda. Kwa hiyo kadiri unavyokwenda ndivyo mzigo unavyokua. Atakayefika mbali kabisa angepewa matairi mawili mapya ya nyuma. Matairi ya Rateng' yalikuwa yamelika mpaka yanateleza kwenye umande, na madereva wa matrekta mapya walikuwa wakimuuliza Okoth kila asubuhi kama bibi yake, yaani trekta ile, ameamka salama. Jioni moja alinikuta mlangoni mwangu nikitoa grisi kwenye kucha. "Wewe si uko na cheti?" aliniuliza. "Ama ni ya kufunika maziwa?"

Sitasahau furaha ya miezi ile miwili. Nikitoka yadi nilipita moja kwa moja bandani, na Okoth alikuwa ameshawasha moto wa chai kwenye mawe matatu. Nilimpa amri na alinitii, mtu mwenye umri wa kunizaa kabisa kama angeanza mapema. Nilifungua injini yote, nikaipanga juu ya magunia, nikapeleka kichwa chake, silinda hedi, kwa fundi wa mashine kule Rongo akichonge unene wa ukucha. Nafasi ya hewa ikipungua, mlipuko unabanwa, na ukibanwa unasukuma kwa hasira zaidi. Pampu nikaifungua imwage dizeli nyingi kuliko ilivyozaliwa nayo. Springi inayozuia injini isikimbie sana nikaibadilisha kwa ngumu. Feni inakula nguvu, nikaitoa, nikaitundika kwenye msumari ukutani. Siku tuliyoiwasha kuku wote wa boma walipotea, na moshi mweusi ukaenda juu moja kwa moja. Okoth alinishika mabega akanitikisa, na mimi nilijua kwamba hakuna mtu angeniambia tena nioshe vipuri.

Lakini nilijua jambo lingine pia, na nililijua vizuri kuliko yeye. Injini ya kulima ni ya uvumilivu, inafanya kazi tangu asubuhi mpaka jua linazama bila kupandisha sauti. Tulikuwa tumechukua injini ya saa kumi tukaifanya ya dakika moja. Bila feni, na dizeli ile yote, ingechemka kabla ya kumaliza mtaro wa tatu, na ikiendelea, pistoni zingeyeyuka. "Na kulima je?" nilimuuliza Okoth. "Kulima ni mwezi ya tatu," alisema. "Tukitoka Homa Bay tunarudisha feni, tunaweka gasiketi mbili nafasi ya hewa irudi, tunapunguza dizeli. Siku tatu tu. Mama hata hatajua." Hesabu ilikuwa sawa. Tatizo ni kwamba mwaka ule mvua iliwahi. Ilianza katikati ya Februari, mvua kamili ya kupandia, usiku tatu mfululizo, na mashindano yalikuwa yamebakiza wiki mbili na nusu.

Asubuhi ya mvua ya tatu majirani walikuwa mashambani na ng'ombe wao, na sauti za kuwaamrisha zilifika mpaka kitandani kwangu. Jioni ile Mama hakugonga ukuta. Alikuja mwenyewe mlangoni akasema, "Gati, njoo tukule." Tulikaa jikoni, akanipakulia, akangoja nimege tonge la kwanza. Kisha akasema, polepole, akichagua Kiswahili chake vizuri, "Okoth ni mtoto yangu. Atanijibu vile mtoto hujibu mama. Wewe ni fundi. Hii trekta italima?"

"Italima, Mama."

"Lini?"

"Wiki ijayo. Kuna nozeli ya dizeli tunangoja itoke Kisumu."

Hakukuwa na nozeli. Ningesema ukweli, Okoth angeamriwa kuirudisha injini kesho yake, na mashindano yangekwenda bila sisi, na mimi ningerudi kwenye karai la kuoshea vipuri. Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani nilichotengeneza kwa mikono yangu, na nilitaka watu wakione. Sina maelezo mengine. Mama alinitazama kwa muda ambao sikuupenda, kisha akachota omena akaniongezea.

Wiki moja hivi baadaye nilikuwa kitandani na homa ya mvua, na mchana huo nikasikia Nyar Suba akiingia jikoni. Nyar Suba, yaani binti wa Suba, alikuwa mke wa mwana mkubwa wa nyumba ya pili, ile ya mke mwenza wa Mama, ameolewa kutoka Magunga, mwanamke asiyezunguka maneno. Kidholuo changu kilikuwa kimekomaa kiasi cha kufuata. Alisema mahindi ya majirani yameota, wao wanangoja nini? Mama akajibu, "Tienda rama." Yaani, mguu unaniuma. Ukipoa, alisema, atafungua msimu. Nyar Suba akasema mtu aweza kufungua akiwa amekaa kwenye kigoda, kwa jembe la mkono, mashimo matatu tu, mbegu tatu, watu wengine wakaendelea na shida zao. "Nikilala kaburini mtafungua wenyewe," alisema Mama, na mazungumzo yakaishia hapo. Kuanzia siku ile nilimwona akichechemea uani na fimbo. Nilimshukuru Mungu, naandika hili kwa aibu, nilimshukuru Mungu kwa mguu wa mtu mzima, kwa sababu ulitununulia siku. Nyumba ya pili walianza kunung'unika kwamba Mikayi anaringa ukubwa wake. Trekta si ile, walisema, inanguruma kila jioni, nzima kabisa, ila mwenyewe hataki. Na kweli ilinguruma. Tulikuwa tukiijaribu kila jioni.

Tulienda Homa Bay tukiiendesha yenyewe barabarani, alfajiri hadi karibu saa nne, tukisimama kila mara kuipoza kwa maji ya mitaro. Rodi Kopany tulikunywa chai na mandazi, na wanawake wa soko wakaizunguka Rateng' wakiuliza kama tunaipeleka kuzika. Nilikuwa nimekaa juu ya madigadi ya gurudumu la nyuma, upepo wa ziwa ukinipiga usoni, na nakumbuka nikiwaza kwamba kama maisha ni haya basi ni mazuri. Uwanjani kulikuwa na matrekta tisa, mengine hayana hata mikwaruzo. Raundi ya kwanza tuliyashinda yote isipokuwa moja, la buluu. Raundi ya mwisho lile la buluu liliwabeba wanaume kumi na wanane likazima. Okoth akaingia. Akaiachia klachi taratibu kama nilivyomfundisha, magurudumu ya mbele yakanyanyuka kidogo, moshi ukaufunika uwanja, na mimi nikikimbia kando yake nikihesabu wanaume kwa sauti. Kumi na saba. Kumi na nane. Kumi na tisa alipopanda, watu walipiga kelele mpaka sikusikia injini, na niliposikia tena, nilisikia chuma kikigonga chuma. Koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, ilitoboa ubavu wa injini ikatoka nje. Mafuta yote yalimwagika kwenye nyasi. Okoth alibaki ameshika usukani, na watu walikuja kumbeba juujuu kwa sababu ameshinda.

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Tulirudi juu ya lori la miwa la mtu aliyetuhurumia, Rateng' imefungwa kwa kamba, na waliotupa zawadi walikuwa wameshayavika magurudumu yake matairi mapya meusi. Boma zima lilitoka. Watoto walishangilia matairi. Wana wa nyumba ya pili waliona tundu kwenye injini wakainama kulichungulia. Mama alikuja na fimbo yake, akapapasa tairi moja, akasema, "Ni mazuri," akarudi jikoni kuweka maji ya kuoga. Asubuhi iliyofuata aliingia shambani na jembe la mkono, akachimba mashimo yake, akaangusha mbegu, na kabla ya saa tatu nyumba zote saba zilikuwa zimeinama juu ya udongo kwa majembe, maana ng'ombe wa kukodisha hawakupatikana. Nami nililima. Nililima mpaka viganja vikatoka damu na hakuna aliyeniambia niache.

Mvua iliyowahi kuja iliwahi kukatika. Mahindi ya majirani yalikuwa yamekomaa. Yetu yalikuwa yanatoa maua. Agosti ile wanawake wa boma walikwenda soko la Awendo kununua mahindi kwa debe, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea, na lawama yote ikamwangukia Mama. Angefungua mapema, walisema, trekta ingelima kwanza kabla ya kwenda kufia Homa Bay. Nilisikia haya kupitia ukutani, jioni baada ya jioni, na yeye hakuwajibu. Aligonga ukuta mara mbili, nikaenda, nikala. Okoth alibadilishana yale matairi na injini kuukuu kutoka Rongo, na mimi nikaifunga, safari hii kama ilivyozaliwa, na feni yake. Disemba nilipata kazi Migori. Mama alinifungia samaki wakavu kwenye gazeti na kunisindikiza mpaka barabarani. Hakuwa na fimbo, na mimi sikuliona hilo, nilikuwa nikitazama kama gari linakuja.

Mwezi uliopita nilifika bomani siku moja kabla ya mazishi. Okoth sasa ana meno machache na bado ana maneno. Tulikaa mchana nje ya lile banda, wanaume wakifunga hema uani, na kwa kuwa nilikuwa nimechoka kubeba, nikamwambia kwamba Mama aliniuliza mwaka ule na mimi nikamjibu kuwa italima. Sikumaliza. "Alikuwa anajua," Okoth alisema. "Kesho yake alikuja hapa bandani, wewe uko kazini. Akaona feni kwa msumari. Akaniuliza hii inafanyanga nini. Nikamwambia inapoza injini. Akasema, na wewe umeiweka kwa ukuta." Alionyesha ukuta wa banda kwa kidole. "Nilifikiri atanichapa, mtu mzima hivi. Akatoka tu. Baada ya hapo ndiyo mguu ilianza kuuma."

Nilimuuliza kwa nini. Nilijua kwa nini, lakini niliuliza. Alisema nyumba ya pili walikuwa wakitafuta sababu ya kuichukua trekta, na kama Mama angefungua msimu kwa jembe, kila mtu angeuliza trekta ina nini, na yeye Okoth angeonekana mwana mkubwa aliyechezea mali ya babake. "Na wewe wangekufukuza," alisema. "Nyar Kuria aliyeharibu trekta. Mama alisema huyo mtoto hana mahali ingine ya kushika spana." Mama hakuwahi kumwambia mtu mwingine. Nilikuwa nimekula kwa mwanamke aliyejua uongo wangu, kila jioni, miezi kumi, na kila mara alinipakulia mimi kwanza.

Mazishini mwana mkubwa wa nyumba ya pili, mume wa Nyar Suba, alisimama kumsifu marehemu. Ni mzee mcheshi. Alisema Mikayi alikuwa mkubwa na alijua kwamba ni mkubwa. "Mwaka fulani aligoma kufungua shamba, ati mguu. Nyumba saba tukanunua mahindi mpaka Krismasi." Watu walicheka, na wajukuu walicheka zaidi, kwa namna ya watu wanaoijua hadithi tangu utotoni. Nyar Suba naye alicheka, akipangusa machozi kwa leso. Nikaona kwamba ndivyo atakavyokumbukwa. Mfawidhi wa mazishi alipoita marafiki wa familia, niliinuka. Okoth alinishika mkono wa blauzi. "Gati, wacha," alisema kwa sauti ya chini. "Amelala." Niliutoa mkono wake, nikaenda mbele, nikapewa maikrofoni. Nilikuwa nimeandika salamu nzuri kwenye karatasi na sikuifungua.

"Mguu wa Mama haukuwa mgonjwa," nilisema. "Aliniuliza mimi kama trekta italima, nikamwambia italima, na nilijua haiwezi. Alijifanya kiwete ili msinifukuze. Njaa ya mwaka ule si yake. Ni yangu."

Hakuna aliyecheka. Sikuthubutu kumtazama Nyar Suba. Nilisikia kiti kikisukumwa nyuma, nikasikia mtu akija polepole juu ya nyasi, na Okoth, mwana mkubwa wa boma, mbele ya ndugu zake wote na watoto wao, alisimama kando yangu akavua kofia.

"Ni yetu," alisema.